Kisanduku Kilichojipanga Chenyewe

Safari yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa Griftu, na nilikwenda kubadilisha tarakimu moja.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa Garissa, mji niliozaliwa, katika ofisi inayounganisha zahanati za mbali na madaktari wa mjini kwa mtandao wa kompyuta. Kila zahanati ina ruta, kisanduku kidogo kinachopokea mtandao kwa laini ya simu na kuupeleka kwenye kompyuta ya nesi. Ofisi ilikuwa imehamisha seva yake, anwani ya seva ikabadilika. Ruta zote zilipokea anwani mpya siku ile tuliyohama, isipokuwa ya Griftu, kwa sababu sola ya zahanati ilikuwa imezima. Ilipowaka tena, ruta ikaendelea kupiga hodi kwenye nyumba tuliyokwisha kuihama. Hatukuweza kuiambia kwamba tumehama, maana njia ya kuongea nayo ndiyo hiyo iliyokatika.

Basi tukafunga safari, mimi na dereva wa ofisi. Tukapita Modogashe na Habaswein, tukalala Wajir, asubuhi tukashika barabara ya magharibi. Tulifika Griftu siku ya soko, tukakaa garini tukingoja ngamia wapite, na wenyewe hawakuwa na haraka. Ndani ya zahanati nilifungua laptopu, nikachomeka waya, nikaifuta tarakimu ya mwisho ya anwani na kuandika nyingine. Taa ya ruta ikageuka kijani. Nesi akaleta chai ya maziwa ya ngamia, na chai ile ilichukua muda mrefu kuliko kazi.

"Ndiyo hiyo tu?" dereva akaniuliza tulipotoka.

"Ndiyo hiyo tu."

"Wallahi, ungenionyesha mjini ningekuja kubonyeza mwenyewe."

Alikuwa anatania, lakini mimi sikucheka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiangalia vichaka na kuwaza. Barabara zetu hufungwa kwa mvua. Nyakati nyingine hufungwa kwa sababu ya usalama, na huwezi kwenda bila gari la askari mbele yako. Kama kila tarakimu itahitaji mtu wa kuipeleka kwa mkono, kuna siku zahanati itabaki gizani na hakuna atakayefika. Kabla hatujaingia mjini nilikuwa nimeamua: nitatengeneza ruta inayojipanga yenyewe. Mtu yeyote aitoe kwenye boksi, aiwashe, na iliyobaki iwe kazi yake yenyewe.

Nilimwambia bosi wangu kesho yake. Alikuwa mhandisi wa makamo kutoka Nyeri, ameishi Garissa miaka mingi, anajua salamu zote za Kisomali na hajui kitu kingine chochote cha Kisomali. Alikuwa mtu wa haki, lakini hakupenda mambo mapya.

"Kampuni kubwa za ng'ambo zinauza vitu kama hivyo," akasema. "Na vinahitaji waya mzuri na umeme usiokatika. Una hivyo kwenye zahanati ya Hadado?"

"Sina. Ndiyo maana nataka kutengeneza cha kwetu."

"Haya. Kisanduku kikiwa hakijui lolote, kitaupata wapi mtandao wa kuulizia mipangilio yake?"

Hilo ndilo lilikuwa fundo lenyewe. Ili ruta ipate maagizo yake, inahitaji mtandao. Ili ipate mtandao, inahitaji maagizo.

"Na ikiibiwa njiani?" akaendelea. "Mwizi akiiwasha, si atakuwa ameingia kwetu?"

"Nipe muda," nikasema.

"Muda ni wako. Kazi ya ofisi isilale."

Haikulala. Mchana nilifanya kazi ya ofisi, na baada ya Alasiri, wenzangu wakishatoka, nilibaki na ruta tatu kuukuu zilizokuwa zikikusanya vumbi stoo. Nilianza na lile fundo. Niliandika programu ndogo inayokaa ndani ya ruta na kujua mambo machache tu: jinsi ya kujaribu kila laini ya simu iliyowekwa ndani yake, moja baada ya nyingine, na jinsi ya kuitafuta seva yetu popote ilipo, hata tukihama tena. Ikiifikia, inajitambulisha kwa ufunguo wake, ambao hakuna ruta nyingine iliyo nao. Seva inatazama: je, huyu tunamjua, na tumekubali aende wapi? Ikiwa ni ndiyo, inampa mipangilio ya zahanati yake, ya hiyo zahanati peke yake. Ikiwa ni hapana, haimpi kitu. Ruta ikiibiwa, naufuta ufunguo wake, na mwizi anabaki na kipande cha plastiki chenye taa.

Kwa maneno inasikika rahisi. Ilinichukua kiangazi kizima na sehemu ya msimu uliofuata. Kuna jioni nilifika nyumbani macho mekundu, mama akaniuliza kama kuna mtu ofisini ananionea. Nilimwambia ni kisanduku kinachonionea. Akanisukumia sahani ya anjera na kusema nile kwanza, kisanduku hakiendi popote.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, na lilitokana na hofu yangu mwenyewe. Fundi anapobadilisha mipangilio ya ruta iliyo mbali, akikosea herufi moja anaweza kujifungia nje. Ni kama mtu aliyevuta mlango ukajifunga, na funguo ziko ndani. Nilitaka ruta ambayo, ikipewa mipangilio mipya, inaitunza ya zamani pembeni. Inajaribu mipya, kisha inaita nyumbani. Isiposikia jibu kutoka Garissa kwa dakika kadhaa, inaitupa mipya na kurudia ile iliyokuwa nayo wakati mambo yalikuwa sawa.

Bosi alikuja kuiona siku moja baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeiweka ruta moja kwenye jengo jingine upande wa pili wa uwanja, ikitumia laini ya simu kama vile iko mbali. Akavuta kiti changu akaketi mbele ya kompyuta.

"Niruhusu niiharibu," akasema.

"Iharibu."

Akaandika anwani isiyokuwepo, akaituma. Kwenye skrini alama ya ruta ikawa nyekundu. Akaegemea, akakunja mikono. Nikaagiza chai, na tukainywa. Alikuwa akiitazama saa yake, nami nilikuwa nikimtazama yeye. Alipokaribia kumaliza kikombe, alama nyekundu ikazimika, ikarudi kijani.

Akaandika kosa jingine, baya zaidi. Hili lilizima laini yenyewe ya simu. Tukangoja tena. Ruta ikarudi tena.

"Hii hata mimi ningeitaka miaka ile nikizunguka Mandera," akasema. Kisha akainuka. "Lakini uwanja wetu si mpakani. Usiitoe nje ya mji mpaka nikuambie."

Hakuniambia. Mvua ndiyo iliyoniambia.

Mvua za msimu ule zilianza kwa fujo. Wiki ya pili radi ilipiga zahanati ya Diff, mji wetu wa mpakani kusini mwa Wajir, ikaunguza antena iliyokuwa juu ya mlingoti pamoja na ruta iliyokuwa chini yake. Tulipata habari kutoka kwa nesi wa zahanati, mama mtu mzima ambaye nilikuwa nimezoea sauti yake ya simu bila kuwahi kumwona uso. Alikuwa akipiga akiwa amesimama karibu na tangi la maji nje, mahali pekee ambapo simu yake ilishika vizuri.

"Walaal, kila kitu kimekufa," akasema. Walaal ni ndugu, na huko kwetu ndivyo tunavyoitana. "Na nina msichana hapa, mimba ya kwanza, miguu imefura, bresha iko juu. Daktari wa Garissa alikuwa anaangalia vipimo vyake kila asubuhi kwa kombyuta. Sasa naangalia peke yangu."

Msomali akiwa na haraka hugeuza herufi p nyingi kuwa b, na yeye alikuwa na haraka.

"Unaweza kumsafirisha?"

"Kwa wapi? Laga zimejaa. Gari haliendi Wajir, haliendi Garissa. Nikibiga simu hapa nje, mara inashika, mara inakatika, na mvua iko juu yangu."

Laga ni mito inayojaa wakati wa mvua tu, na ikijaa huziba barabara. Nilikwenda moja kwa moja kwa bosi. Alikuwa amekwisha kusikia.

"Barabara ikifunguka, utakwenda na dereva," akasema.

"Barabara ikifunguka huyo msichana atakuwa amejifungua, au atakuwa amekufa. Acha nitume kisanduku."

"Nani atakifunga?"

"Nesi. Hakuna kufunga. Ni kuchomeka tu."

"Hakijajaribiwa mahali kama pale."

"Kwa sasa pale hakuna chochote," nikasema. "Kikishindwa, hatutakuwa tumepoteza kitu ambacho tunacho."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati kiasi kwamba tulilazimika kupaza sauti. "Kiandikishe kwa jina la Diff," akasema mwishowe. "Na usitoke kwenye simu mpaka kiwake."

Mjomba wangu, abti, kaka yake mama, ni mfanyabiashara wa mifugo. Lori lake huleta mbuzi na ng'ombe kutoka mpakani hadi soko la Garissa, na hurudi na sukari na unga. Nilimkuta sokoni akipakia licha ya mvua. Nilimpa kisanduku nikiwa nimekifunga kwa nailoni mara kadhaa, pamoja na antena fupi na waya wake.

"Hiki kinakula nini?" akauliza akikipima mkononi.

"Umeme wa sola, abti."

"Afadhali kuliko ng'ombe." Akakitia ndani ya koti lake. "Laga ya mbele ya Dadaab haipitiki. Nikifika hapo nitaona Mungu anasema nini."

Baadaye alinisimulia. Lori lilikwama ukingoni pamoja na mengine mengi. Upande wa pili kulikuwa na malori yaliyokwama yakitaka kuja mjini. Madereva walikuwa wamefunga kamba kutoka mti hadi mti juu ya maji, na watu waliokuwa na haraka walivuka kwa kuishika. Abti si kijana na hajui kuogelea. Aliacha sukari yake yote kwenye lori, akamwachia dereva, akakifunga kisanduku kichwani kwa kilemba, akaingia majini mpaka kifuani. Ng'ambo akapata gari dogo la mtu anayemfahamu lililokuwa likigeuza kurudi Diff. Nilipomuuliza kwa nini hakumpa mtu mwingine akivushe, alisema nilimpa yeye.

Nesi alinipigia adhuhuri ya siku iliyofuata. "Kimefika. Mtu aliyekileta amelowa kama samaki, nimembatia chai. Sasa nifanye nini?"

"Kitoe kwenye nailoni. Kuna waya mmoja wa umeme na antena moja. Chomeka vyote. Halafu niambie taa."

Akaenda, akarudi kwenye tangi. "Ni ya njano. Inabebesa macho."

"Hiyo inatafuta. Tungoje."

Tulingoja. Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Kwenye skrini yangu mahali pa Diff palikuwa patupu. Njano maana yake kisanduku kimeshika mnara wa simu lakini hakijafika nyumbani. Kingekuwa hakijashika mnara, taa ingekuwa nyekundu. Niliipitia programu yangu kichwani mstari kwa mstari na sikuona kosa. Kilishika mnara. Basi kwa nini hakifiki?

Nesi alipopiga tena nilimuuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria kabla. "Simu yako ukiwa ndani ya chumba kile cha kisanduku, inaandika mtandao gani juu?"

"Ndani? Ndani inaandika ule wa ng'ambo. Hapa sote tunajua. Ukiingia ndani unakuwa Somalia, ukija kwenye tangi unakuwa Kenya."

Mnara wa nchi jirani ulikuwa karibu, na nguvu yake ilikuwa kubwa. Mnara wetu ulikuwa mbali upande wa magharibi. Ruta ya zamani haikuwahi kupata shida hiyo kwa sababu antena yake ilikuwa juu ya mlingoti, na fundi aliielekeza magharibi kwa mkono wake. Kisanduku changu kilikuwa mezani ndani ya nyumba. Kilichagua mnara uliopaza sauti zaidi, na mnara ule ulikikaribisha kisha ukakifungia mlango, kwa sababu laini yetu haina ruhusa ya kutumia mtandao wa kule. Nilikuwa nimekifundisha kujaribu kila laini. Sikuwa nimekifundisha kukataa mnara.

"Kwa hiyo tumekwama," bosi akasema.

"Bado."

Kukirekebisha ilikuwa kazi ya mistari michache tu, nami nilianza kuiandika pale pale. Lakini mistari ile isingeweza kufika Diff mpaka kisanduku kifike Garissa kwanza, hata kwa dakika chache. Nilihitaji kitu cha kuuziba mnara wa mashariki.

"Eeddo," nikamwambia nesi. Eeddo ni shangazi, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Dirisha la magharibi liko chumba gani?"

"Chumba cha chanjo."

"Umeme wa sola unafika?"

"Friji iko hapo, unafika."

"Hamishia kisanduku kwenye dirisha hilo. Halafu tafuta bati, bati lolote la paa, kubwa uwezavyo. Lisimamishe nyuma ya kisanduku, upande wa Somalia. Antena iwe kati ya bati na dirisha."

"Bati ninalo. Limeng'oka juu ya choo na ubebo." Akasita. "Walaal, bati litafanya kazi hiyo?"

"Sijui," nikasema. "Jaribu."

Kila mara alilazimika kutoka nje kwenye mvua ndipo aongee nami, na kurudi ndani ndipo afanye. Mara ya kwanza taa ilibaki njano. Nikamwambia alisogeze bati karibu zaidi, alipinde kidogo kama mtu anayekinga moto wa jiko na upepo. Abti alikuwa bado yupo, akalishika. Mara ya pili taa ikawa nyekundu, na bosi akaguna, lakini mimi nilifurahi: nyekundu maana yake mnara wa kule ulikuwa umekiachia. Nikamwambia nesi wasiguse kitu.

Kisha kwenye skrini yangu, pale palipokuwa patupu, ikatokea alama. Diff imepiga hodi. Seva ikautazama ufunguo, ikaukubali, ikaanza kutuma mipangilio. Nilikuwa nimekwisha kuiongeza ile mistari mipya: mnara wa nchi nyingine usikubaliwe hata ukipiga kelele namna gani. Kisanduku kikaipokea, kikazima, kikawaka upya. Hizo ndizo dakika nilizoogopa kuliko zote. Kikaita nyumbani. Garissa ikajibu. Kijani.

Bosi aliweka mkono begani mwa kiti changu, si begani mwangu, kwa adabu ya mji wetu kwa mwanamke. "Mwite daktari," akasema.

Nesi hakupiga simu tena siku hiyo. Hakuwa na haja ya kwenda kwenye tangi. Jina lake likatokea kwenye skrini ya daktari pamoja na vipimo vya msichana vya asubuhi na vya mchana. Daktari alimwelekeza dawa ya kumpa na jinsi ya kumwangalia, akafuatilia naye hadi maji yalipopungua na gari la wagonjwa likaweza kumpeleka Wajir. Alijifungua huko mtoto wa kike. Wote wawili walikuwa wazima, alhamdulillah.

Bosi ndiye aliyesema kitu hiki kisajiliwe kama uvumbuzi. Mimi sikuwa nimewaza hivyo. Tuliandaa maombi pamoja, tukayapeleka Nairobi, na baada ya kungoja sana nikaitwa mbele ya mkaguzi, mwanamke makini aliyekuwa ameisoma kila ukurasa. Alinieleza kwa upole kwamba ruta zinazojipanga zenyewe zipo duniani tangu zamani, na kwamba kurudia mipangilio ya awali pia si jambo geni.

"Ninajua," nikasema. "Sikusema nimevumbua hayo."

"Basi umevumbua nini?"

Nikamweleza kuhusu chumba ambacho ukiingia uko nchi moja na ukitoka uko nyingine. Nikamweleza jinsi kisanduku changu sasa kinavyopima kila mnara, kinavyokumbuka ni upi uliowahi kukifikisha nyumbani, na kinavyoendelea kuukataa wenye nguvu ili kuungoja dhaifu ulio wake. Aliandika kwa muda mrefu. Akaniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu yote, akanirudisha nikapunguze madai yangu na kueleza sehemu hiyo moja vizuri zaidi.

Nilirudi Garissa kwa basi, nikaandika upya. Walinirudisha tena, nikaandika tena. Mwishowe walikubali sehemu ile ya minara, hiyo peke yake, na cheti chake bosi amekitundika ofisini kwake badala ya kwangu. Anasema wageni wanaingia kwake zaidi.

Siku hizi visanduku viko katika zahanati nyingi za mpakani, na hata chache za bara. Vinasafiri kwa malori, kwa mabasi, kwa magari ya miraa, mikononi mwa watu ambao hawahitaji kujua vinafanyaje kazi. Vingine vinakufa. Wiki iliyopita cha Hadado kilizima katikati ya kupokea mipangilio, sola ikiwa imechoka, na kilipowaka kikasahau nusu ya mipangilio kiliyoipokea. Nesi wa huko ameniambia betri inadumu hadi machweo tu. Nimeitoa ruta moja stoo, nimeiunganisha na betri mbovu kwa makusudi, na kila baada ya Alasiri ninakaa nayo. Bado inasahau, lakini sasa inasahau kidogo kuliko jana.